Nimepooza miguu na najiona mzigo. Je, nisubiri moyo utulie?

SWALI: Nina miaka 34. Niliumia uti wa mgongo miezi mitano iliyopita, na kuanzia kitovuni kwenda chini sina nguvu wala hisia. Mikono iko sawa. Kwenye mazoezi ya utengamao wananisifu kila siku, lakini sifa hizo haziniingii. Mke wangu ndiye ananiogesha na kunivalisha. Nisubiri nipate kujiamini kwanza ndipo nianze kutoka nje?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana, ila usisubiri. Kujiamini hufuata vitendo. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kinachomjenga mtu kuliko maneno ya kutiwa moyo ni kuona jambo gumu amelifanya mwenyewe. Sifa hazikuingii kwa sababu ukifika kitandani bado unavalishwa.

Basi anza na suruali. Keti kitandani miguu ikiwa imenyooka, inua goti kwa mkono, ingiza mguu, kisha mwingine. Ivute hadi mapajani, lala, geuka ubavu huu na ule ukiipandisha hadi kiunoni. Mwanzoni inaweza kukula nusu saa na jasho likakutoka. Mwombe mkeo akae karibu bila kugusa. Kwake hilo litakuwa gumu pia. Wengi wenye jeraha la usawa wako hufikia kuoga, kuvaa na kuhamia kwenye kiti cha magurudumu bila kubebwa. Mwambie mtaalamu wako wa fiziotherapia kuwa hilo ndilo unalolitaka kwanza.

Kuna jambo hukuuliza, na wengi huona haya kulitaja: hofu ya kujichafua mbele za watu. Kwa ninavyoona, hofu hiyo huwafungia watu ndani kuliko kiti chenyewe. Dawa yake ni ratiba. Kama umepangiwa katheta ya kuingiza na kutoa, yaani mrija wa kutolea mkojo, kwa kawaida ni kila baada ya saa 4 hadi 6. Haja kubwa iwe saa ileile, vizuri zaidi nusu saa hivi baada ya kula, kwa kuwa chakula huamsha utumbo. Ratiba ikishakaa, toka mara tu baada ya kujisaidia, safari iwe fupi, na katheta na nguo za akiba ziwe mkobani. Ukiwa kitini, jiinue kidogo kuyapumzisha makalio kila dakika 15 hadi 30 ili usipate vidonda.

Omba pia ukutanishwe na mtu mwenye jeraha kama lako aliyeishi nalo miaka mingi. Yeye utamwamini kuliko sisi.

Kuhusu kuwa mzigo: hata asiyeweza kuinua mkono hajapungua utu. Rudi kwenye maamuzi ya nyumba yako, pesa na mipango yote, kuanzia leo. Hayo hayasubiri miguu.

Lakini huzuni ikikukalia wiki mbili mfululizo, usingizi ukapotea na hamu ya kila kitu ikaisha, mweleze daktari. Huo ni ugonjwa unaotibika, si sehemu ya lazima ya jeraha. Ukiwaza kufa, mwambie mtu siku hiyohiyo.