Wasomaji wanauliza: uwakili wa kesi za kimataifa na usuluhishi

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wanafunzi wa sheria, na moja kwa mzazi ambaye tunadhani ana haki ya kuwa na wasiwasi.

SWALI: Niko mwaka wa tatu wa sheria Mlimani. Nataka kuwa wakili wa kesi za nchi na nchi, kama wale wanaosimama The Hague. Wenzangu wanasema bila kwenda London kuwa barista sitafika. Ni kweli? (Msomaji wa Changanyikeni)

JIBU: Si kweli, ingawa uvumi huo una mizizi. Barista tunayemzungumzia (si yule wa kahawa pale Masaki) ni wakili wa Uingereza ambaye kazi yake hasa ni kusimama mbele ya jaji na kuandika maoni ya kisheria. Mteja kwa kawaida humfikia kupitia solisita, ambaye ndiye mwenye faili. Huku kwetu wakili ni huyohuyo mmoja: anampokea mteja, anaandaa hati, anavaa joho. Mabarista wamejaa kwenye kesi za kimataifa kwa sababu kuhoji mashahidi ndiyo kazi yao ya kila siku, na kampuni kubwa zimezoea kuwafuata London.

Lakini Mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ndiyo hiyo ya The Hague, haudai ubarista. Kifungu cha 42 kinasema nchi zitawakilishwa na mawakala, nao wanaweza kusaidiwa na washauri au mawakili. Ndiyo maana maprofesa wa vyuo husimama pale bila shida. Kinachodaiwa kweli ni lugha, kwa kuwa lugha rasmi za mahakama hiyo ni Kifaransa na Kiingereza. Kama muda unao, jioni mbili kwa wiki Alliance Française pale Upanga zitakufaa kuliko ndoto ya wigi la barista.

Ukiamua London hata hivyo, ujue panapokwama. Shahada yako ya huku inatakiwa itambuliwe kwanza, kisha unajiunga na mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mabarista, unasoma kozi yao, halafu unafanya mafunzo ya miezi 12 chini ya barista mzoefu: sita ya mwanzo huruhusiwi kushika kesi zako, sita ya pili unaruhusiwa. Wengi hukwama kwenye hiyo miezi 12. Nafasi ni chache kuliko wahitimu, na saa inahesabu miaka mitano tangu umalize kozi. Mtu hulipa ada yote, akaitwa barista kwenye sherehe, akakosa pa kufanyia mafunzo, na akarudi na jina lisilo na kazi.

Njia ya nyumbani ni Shule ya Sheria, mwaka mmoja, kisha Jaji Mkuu akukubali uwe wakili. Usiidharau: katika matokeo yaliyozua mjadala mwaka 2022, watahiniwa walikuwa 633, na waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu. Ila ukishasajiliwa, mahakama ya kimataifa unayoruhusiwa kusimama papo hapo iko safari ya basi tu kutoka stendi ya Magufuli: Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Wakili anayeruhusiwa kusimama mahakama kuu za nchi mwanachama anaruhusiwa kusimama pale. Wanaoanza huangushwa na muda. Chini ya Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya, mwananchi anayepinga sheria au kitendo cha serikali ana miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu ajue. Wakili aliyezoea miaka sita ya madai ya mkataba huja na hoja safi, tarehe ikiwa imeshapita, na mahakama hiyo haina huruma ya kuongeza siku.

Wala hao Watanzania waliofika juu hawakupitia mlango mmoja. Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kisha Waziri Mkuu, alikaa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, kuanzia 1996 hadi 1999. Balozi James Kateka alikuwa jaji hapohapo kuanzia 2005. Wizara ya mambo ya nje nako kuna njia.

Ukiwa bado chuoni, ingia mashindano ya kesi za kuigiza: Jessup kwa sheria ya mataifa, Vis kwa usuluhishi wa biashara, yaani kesi zinazoamuliwa na wasuluhishi waliokubaliwa na pande zote badala ya mahakama. Yote mawili yanakulazimisha uandike hoja za pande zote mbili. Ukishatetea upande usioupenda ndipo unapoona matundu ya upande wako.

SWALI: Mwalimu alitutajia kesi ya City Water, akasema Tanzania ilishindwa lakini haikulipa. Inawezekanaje? (Mwanafunzi, Mwenge)

JIBU: Swali zuri, maana kesi hii inafundisha kuliko nyingi za vitabuni, na ilihusu bomba la maji la jiji hili hili.

City Water ilichukua huduma ya maji Dar es Salaam mwaka 2003 kwa mkataba na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kufikia Mei 2005 serikali ilikuwa imetangaza kuuvunja, na Juni 1 mameneja wa kigeni wakaondolewa nchini. Kuvunjwa huko kukazaa kesi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mkataba wenyewe, City Water dhidi ya DAWASA: DAWASA ilishinda na kupewa takriban pauni milioni 3. Ya pili ni ya mwekezaji mwenye hisa ndani ya City Water, Biwater Gauff, dhidi ya Tanzania, mbele ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji. Alitumia mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza.

Tuzo (ndivyo uamuzi wa wasuluhishi unavyoitwa) ya Julai 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba huo. Kisha wasuluhishi wakauliza swali la pili: ukiukaji ule ulimpotezea mwekezaji shilingi ngapi? Jibu lilikuwa sifuri, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshaporomoka kwa makosa yake, na hadi inachukuliwa haikuwa na thamani. Hapo ndipo kazi hii ilipo. Kosa ni kitu kimoja, kosa kusababisha hasara ni kingine, na kiasi cha hasara ni cha tatu. Mawakili wachanga humaliza kurasa zote kwenye la kwanza, la tatu wakamwachia mhasibu.

Jambo jingine: asasi za hapa nyumbani, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ziliruhusiwa kuwasilisha hoja kama marafiki wa baraza la wasuluhishi ingawa hazikuwa na upande kwenye kesi. Kwa wakili kijana, huo nao ni mlango.

SWALI: Nina miaka minne ya uwakili, mirathi na ardhi. Naanzia wapi kwenye usuluhishi? (Wakili, Kinondoni)

JIBU: Wakili msomi, anzia kwenye ujenzi. Dar inajengwa kila kona, na mikataba mikubwa ina kifungu cha usuluhishi, mara nyingi kwa mtindo wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) au wa Baraza la Taifa la Ujenzi. Kwenye FIDIC ya 1999, mkandarasi anayetaka muda au pesa za ziada ana siku 28 kutoa taarifa tangu ajue au alipopaswa kujua tukio. Akizipitisha, dai limekufa. Kwa hiyo mteja anapokuja, kabla ya kusikiliza machozi yake, omba barua alizoandika na tarehe zake.

Kisha jifunze jedwali la Redfern, ambalo ndilo hutumika kudai nyaraka za upande wa pili. Lina safu nne: waraka unaotakiwa, kwa nini unahusika na una uzito, pingamizi la mwenzako, na uamuzi wa baraza. Ukiandika “nyaraka zote zinazohusu mradi”, safu ya nne itakuambia hapana. Andika “muhtasari wa vikao vya saiti kati ya Machi na Juni 2023 vilivyojadili kuchelewa kwa nondo”, na eleza ni aya ipi ya dai lako inayotegemea muhtasari huo. Vielelezo vya mdai huandikwa C-1, C-2. Vya mdaiwa R-1. Namba ikikosewa kielelezo kimoja tu, faili zima linayumba siku ya kuhoji shahidi.

Kwenye kuandika mikataba, taja makao ya usuluhishi. Makao ndiyo huamua mahakama ya nchi gani itasimamia, hata kama kikao kinafanyika hotelini kwingine. Soma Sheria ya Usuluhishi ya 2020, iliyoondoa ile ya 1931, na usisahau ile ya 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya rasilimali asilia: migogoro ya rasilimali hizo haipelekwi mabaraza ya nje. Vyeti vya taasisi ya wasuluhishi ya London, CIArb, ni vya ngazi tatu na vinasaidia kujulikana. Kesi hutoka kwa anayekufahamu kwa kazi.

SWALI: Mwanangu anataka niuze kiwanja nimlipie mafunzo kwa vitendo Mahakama ya The Hague. Nifanyeje? (Mzazi, Mbagala)

JIBU: Mzee wetu, kiwanja kiache. Mafunzo hayo mafupi ya mwezi mmoja hadi mitatu hayana posho, na pango la kule utalibeba wewe. Mwanao aombe kwanza kozi ya sheria ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, ambayo imekuwa ikifanyika Addis Ababa, na ile ya The Hague. Zote zina ufadhili. Mihadhara ya maktaba ya video ya Umoja wa Mataifa ni bure, atahitaji bando tu. Akishakuwa wakili, aangalie matangazo ya nafasi za Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, maana ndiyo inayobeba mashauri ya namna hii kwa niaba ya nchi, tena kwa mshahara.