Zaka kununua cherehani badala ya kugawa elfu tano tano

Ndugu yangu, umeuliza kama zaka mliyochangishana hapo Ngamiani, Tanga, yafaa kumnunulia mjane cherehani badala ya kugawa elfu tano tano. Yafaa. Wengi wetu mwambao ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu hayo, ameandika kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa cha kununulia vifaa vya kazi yake. Ila mkabidhini iwe mali yake kabisa, si ya kuazimwa na msikiti. Sisi barabara ya 12 tulimpa mama mmoja karai, jiko na kiroba cha ngano; Ramadhani iliyofuata hatukumwona kwenye foleni ya zaka. (Elfu tano siku hizi si kilo ya sukari na chenji tu?) Muulizeni kwanza kama anajua kushona, na pedali muijaribu palepale dukani.