Maswali ya Wasomaji: Jioni za Mwisho wa Juma Zimekwenda Wapi kwenye Televisheni?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikulia Tanga mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyumbani kwetu hapakuwa na televisheni, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili sisi watoto tulikuwa tukimaliza tu kuswali magharibi tunakimbilia kwa jirani aliyekuwa na tivii ya chogo, tunajaa mkekani huku watu wazima wakikaa kwenye viti. Palikuwa na igizo, palikuwa na muziki, kisha taarifa ya habari ambayo ilitubidi tuisikilize kimya tusije tukafukuzwa. Leo nina televisheni bapa ukutani na king'amuzi chenye chaneli nisizoweza kuzihesabu, lakini mwisho wa juma ukifika ninakuta mpira, marudio ya tamthilia niliyokwisha kuiona katikati ya wiki, au watu watatu kwenye sofa wakijadili yaliyoandikwa mitandaoni. Wanangu kila mmoja yuko na simu yake. Je, ni utu uzima unaonifanya nitamani ya zamani, au kweli vipindi vimekwisha? – Mama Z., Tanga

JIBU: Mama Z., hujakosea, ingawa ni haki tutenganishe kwanza kile ambacho kumbukumbu yenyewe imekiongeza. Tanzania Bara ilichelewa sana kupata televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara vituo vya kwanza, ITV kikiwa miongoni mwao, vilianza mwaka 1994. Maana yake ni kwamba wewe na wenzako mkekani mlikuwa mkitazama kitu ambacho hata wazazi wenu walikuwa hawajakizoea, tena bila chaneli nyingi za kuhamia mnapochoka. Sehemu ya utamu ilitokana na ugeni huo, nao hauwezi kurudi.

Hata hivyo, ugeni peke yake haukuwafanya watu wa mtaa mzima wakae kimya. Kulikuwa na kazi. Kundi la Kaole, ambalo maigizo yake yalirushwa na ITV, lilikuwa likitunga hadithi za nyumba za kupanga, za wake wenza, za mirathi na za vijana waliokuja mjini kutafuta maisha, kwa Kiswahili ambacho bibi na mjukuu walikielewa sawasawa. Ndani ya kundi hilo walipita waigizaji ambao baadaye kila nyumba iliwajua, akiwamo marehemu Steven Kanumba. Picha haikuwa safi, sauti ilipotea mara kwa mara, na wengi wao walifanya kazi ile kwa mapenzi zaidi kuliko kwa malipo. Lakini kila juma hadithi ilisogea, na mtu aliyekosa sehemu moja alilazimika kusimuliwa kisimani au kazini kesho yake.

Kilichoiua jioni ile hakikuwa kimoja wala hakikuja siku moja. Kwanza waliondoka waigizaji. Katikati ya miaka ya 2000 soko la filamu za kanda na baadaye za diski, zile tunazoziita Bongo Movie, lilianza kulipa, na kampuni za usambazaji kama Steps Entertainment zikawa na fedha taslimu ambazo kituo cha televisheni hakikuwa tayari kuzitoa. Siwalaumu hata kidogo waliokwenda. Mtu aliyekuwa akiigiza kwa nauli ya daladala akipewa nafasi ya kuishi kwa kazi yake, ni nani atakayemwambia abaki? Lawama yangu ninaielekeza kwa vituo, kwa sababu viliwaacha waondoke bila kuandaa kizazi kingine, vikaona ni nafuu kununua tamthilia za Ufilipino na Amerika ya Kusini zilizokwisha kutengenezwa.

Kisha mpira ukaishika saa yenyewe. Jambo hili ni la saa na la jiografia, na ni vizuri tulitazame kwa makini. Mechi ya Ligi Kuu ya England inayoanza saa 9 alasiri London, kwetu huanza saa 11 au saa 12 jioni kulingana na majira yao. Ile ya mwisho ya Jumamosi hutufikia saa 1:30 au saa 2:30 usiku. Hizo ndizo saa zilezile ambazo zamani mlikuwa mkekani. Kwa hiyo baba na vijana wakatoka kwenda kuutazama kwenye kibanda umiza, na aliyebaki nyumbani na rimoti akawa ni mtazamaji ambaye mtangazaji wa bidhaa hamhesabu sana. Baadaye ligi yetu wenyewe ikaingia katika saa hizo, tena kwa fedha nzito: mwaka 2021 kampuni ya televisheni ya Azam ilitia saini na shirikisho la soka mkataba wa miaka 10 wa kuionyesha, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ninafurahi kwamba wachezaji wetu wanaonekana. Lakini ninapolitazama tarakimu hilo ninajiuliza ni lini mtu atatenga hata sehemu ndogo ya kiasi hicho kwa ajili ya mwandishi wa igizo.

La tatu ni king'amuzi. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tuliahidiwa picha safi na chaneli nyingi, na vyote viwili tulivipata. Hatukuambiwa kwamba hadhira ileile sasa ingegawanywa vipande vidogo. Mwenye kiwanda cha sabuni aliyekuwa akilipia tangazo moja katikati ya igizo linalotazamwa na mji mzima, sasa anagawa fedha zake kwa chaneli thelathini na kwa mitandao ya simu, na fungu linalokifikia kituo kimoja halitoshi kulipa mwandishi, waigizaji kumi, mpiga picha na gari la kuwazungusha. Linatosha kulipa sofa na watu watatu. Ndiyo maana unawaona kila uendako.

Na igizo la Kiswahili, Mama Z., halikufa, limehamia kwenye chaneli za kulipia, kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu, ambako zipo tamthilia zilizopigwa kwa ustadi ambao Kaole hawakuwa na vifaa vya kuufikia. Kinachoniumiza ni kwamba jirani yako wa zamani angekuwa hai leo, kifurushi kikiisha asingekuwa na cha kuwaonyesha watoto wa mtaa.

SWALI: Mimi ninaishi Columbus, Ohio, na nilidhani tatizo hili ni la nchi zetu maskini. Wazee wa hapa nao wananiambia kwamba zamani Jumamosi usiku palikuwa na vipindi. Je, ni kweli? – Msomaji wa Marekani

JIBU: Ni kweli kabisa, na wenzetu walitutangulia. Katika msimu wa mwaka 1973 hadi 1974, kituo cha televisheni cha CBS kilipanga Jumamosi usiku vipindi vitano mfululizo, cha mwisho kikiwa kile cha mchekeshaji Carol Burnett, na hadi leo wanaoandika historia ya televisheni wanauhesabu mpangilio ule kuwa miongoni mwa bora kuliko yote. Miaka 30 baadaye, ilipofika takribani mwaka 2004, mitandao mikubwa ya televisheni ya huko ilikuwa imeacha karibu kabisa kuweka tamthilia mpya siku hiyo. Ikajaza marudio, na mwaka 2006 ABC, mmojawapo wa mitandao hiyo, ikaanza kuonyesha mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Sababu waliyoitoa ni kwamba vijana hutoka Jumamosi. Mimi ninaiona kuwa ni nusu ya sababu, kwa maana vijana walitoka Jumamosi hata mwaka 1973. Ukiweka marudio, watu wataondoka. Wakiondoka, utasema hawapo, kisha utaweka marudio zaidi.

Uingereza inanipa moyo kidogo. BBC ilianzisha shindano lake la kucheza dansi mwaka 2004, mwaka uleule ambao Wamarekani walikuwa wameikata tamaa Jumamosi, na likaendelea kukusanya familia mwaka baada ya mwaka kwa sababu linarushwa moja kwa moja na mtazamaji anapiga kura. Kitu cha namna hiyo hakisubiri kesho. Hata kwetu, Bongo Star Search, shindano la kutafuta vipaji vya kuimba, ilipokuwa katika nguvu zake, watu walikaa pamoja kubishana ni nani abaki na nani atolewe, na hakuna aliyetaka kusikia matokeo kwa jirani.

SWALI: Mimi ni kijana wa Morogoro, ninaandika maigizo. Nataka kujua: kama ninataka kuandikia mwisho wa juma, niandike nini, na nimpelekee nani?

JIBU: Mwanangu, usianze na tamthilia ya sehemu mia mbili. Hiyo inahitaji mtaji ambao kituo cha bure hakina, na chaneli za kulipia zina watu wao waliokwisha kujithibitisha. Andika hadithi inayoanza na kuisha ndani ya dakika 40, nyumba moja, watu watano au sita, jambo moja ambalo mama na mtoto wake wanaweza kubishana juu yake wakati wa matangazo. Andika tatu, si moja, ili anayekusoma aone kwamba una zaidi ya bahati. Zisome kwa sauti mbele ya watu wa mtaani kwako, uangalie ni wapi wanaanza kushika simu, na hapo ndipo ufute.

Kabla hujampelekea meneja wa vipindi yeyote, sajili kazi zako COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, na utunze cheti. Ninalisisitiza hili kwa sababu nami nilipokuwa na umri wako nilimwachia mtayarishaji mmoja daftari langu pekee, na hadithi iliyokuwa ndani yake niliiona hewani Jumapili moja usiku, ikiwa na jina la mtu mwingine.