Maswali ya Wasomaji: Kitunguu Saumu Pori, Kabla Hujachuma Soma Hapa

Mwezi huu maswali matatu yamegusa kitu kimoja, kitunguu saumu pori, kwahiyo nimeyaweka pamoja.

SWALI: Habari dada, mi nakaa Ujerumani karibu na Stuttgart. Tangu mwezi wa tatu uanze, msitu ulio nyuma ya kwetu unanuka kitunguu saumu kabisa, na majirani wanarudi na majani wanayaita Bärlauch, wanasema yanasafisha damu na tumbo. Kuna mama mtu mzima alinipa kichupa cha pesto yake (majani yaliyosagwa na mafuta), tumekula na watoto ni tamu mno. Sasa nataka nikachume mwenyewe, je ni dawa kweli? Na naweza kutia kwenye pilau?
Mama Imani, Ujerumani

JIBU: Nzuri mama Imani, pole na baridi ya huko. Huyo mama hajakudanganya, watu wa huko wanautumia huu mmea tangu zamani sana. Hebu fikiria enzi hizo hakuna friji wala supamaketi, baridi inakaa miezi na miezi watu wanakula nafaka na vitu vya kukausha, mboga mbichi hamna, alafu theluji ikiyeyuka tu haya majani ndo yanatangulia kufunika ardhi yote ya msitu hata miti yenyewe haijatoa majani. Mtu aliyekaa kipindi chote hicho bila vitamini C akila majani mabichi lazima ataona mwili umechangamka, ndo hiyo wanayoita kusafisha damu, na mi naona wazee wao waliona sawasawa. Walitumia pia kwa minyoo, gesi tumboni na kukosa hamu ya kula. Padri mmoja wa Uswisi, Johann Künzle, aliyefariki 1945 na alikuwa maarufu sana kwa mitishamba, aliusifia mno kwa ajili ya tumbo na damu.

Nguvu yake ni ileile ya kitunguu saumu chetu manake ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukikata au kusaga jani ndo kemikali zenye salfa zinachanganyika na kutoa ile harufu kali, ukipika sana inapotea na faida nyingi inapotea nayo. Kwahiyo kwenye pilau usiutie mwanzoni na viungo, utapoteza tu, katakata unyunyize juu ukishaepua. Ila ningekuwa wewe ningetia kwenye kachumbari au mayai ya kukaanga, hapo ndo mahali pake. Pesto yenye mafuta weka kwenye friji siku zote, usiiache kabatini, kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta kikikaa kwenye joto kinaweza kuota bakteria wenye sumu mbaya sana.

Sasa nisikilize vizuri mama, hapa ndo nilipotaka kufika. Kuna majani mawili yanafanana na hayo na yote yanaua. Moja wanaliita Maiglöckchen, hilo linaharibu mapigo ya moyo, la pili Herbstzeitlose, lina sumu inaitwa kolchisini ambayo hata ukipika haitoki na hospitali hawana dawa maalum ya kuizima. Watu wamekufa Ulaya kwa hili, tena wengine ni wenyeji waliozaliwa na kukulia hukohuko, sio wageni. Herbstzeitlose inatoa maua msimu wa vuli, kwahiyo kipindi unachochuma wewe unaona majani matupu, hakuna ua la kukustua.

Watu watakwambia nusa tu, likinuka kitunguu saumu ndo lenyewe. Mi nasema harufu peke yake haitoshi, kwasababu ukishachuma machache mikono yote inanuka na kila utakachoshika kitanuka vilevile. Angalia jani lenyewe, moja moja, usikumbe kwa fungu. Bärlauch kila jani lina kikonyo chake chembamba kinachotoka ardhini peke yake, na ukiligeuza upande wa chini haling'ai, limefifia. Maiglöckchen majani mawili yanatoka kwenye kikonyo kimoja na upande wa chini unang'aa. Herbstzeitlose halina kikonyo kabisa, majani yanatoka ardhini yamekumbatiana na ni magumu kidogo. Saa ingine yanaota sehemu moja yamechanganyikana, na ndo maana nakuomba mara ya kwanza nenda na huyo mama jirani, akuonyeshe kwa mkono. Ukiwa na shaka na jani moja liache, na watoto wasichume peke yao hata kidogo.

Ikitokea mtu amekula alafu baada ya masaa kadhaa anatapika na kuharisha usisubiri asubuhi, piga 112, namba ya dharura ya huko, nenda na mabaki ya majani au chakula chenyewe wayaone. Hiyo ya kolchisini inaweza kuchelewa kuonekana, mtu anadhani ni tumbo la kawaida tu huku viungo vya ndani vinaharibika.

Na sheria pia, huko unaruhusiwa fungu dogo la mkononi kwa matumizi ya nyumbani, ila kwenye Naturschutzgebiet, yaani hifadhi ya mazingira, ni marufuku. Using'oe na mizizi. Osha vizuri kabla ya kula, mbweha nao wanapita hapo na wanabeba minyoo hatari.

SWALI: Dada naomba msaada, shangazi yupo Uswisi katutumia pakiti ya majani makavu ya kitunguu saumu pori, kasema baba anywe kama chai kwa ajili ya presha. Baba anameza dawa za presha na ile warfarin. Ameshaanza kusema dawa za hospitali zimemchosha anataka aache abaki na majani. Tufanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mpe mzee shikamoo yangu alafu mwambie asiache hata kidonge kimoja. Kitunguu saumu cha kawaida kimefanyiwa utafiti na kweli kinashusha presha kwa kiasi kwa wenye presha ya juu, ila ni kiasi tu, hakiwezi kusimama badala ya dawa, na haya ya porini yakishakaushwa yanapoteza sehemu kubwa ya ukali wake. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo warfarin. Hiyo dawa inafanya damu isigande, kitunguu saumu nacho kinaelekea hukohuko, vikikutana kwa wingi mzee anaweza kutoka damu ikagoma kukata. Kwenye chakula kidogo kidogo kama alivyozoea sawa, lakini chai ya kila siku hapana mpaka mwongee na daktari wake, nendeni na hiyo pakiti aione. Shangazi mshukuruni, nia yake ni njema.

SWALI: Mambo, hotelini ninapofanya kazi Arusha kuna maua ya zambarau, majani membamba, ukiyakata yananuka kitunguu saumu. Je ndo hicho kitunguu saumu pori? Yanaliwa?
Kijana wa bustani

JIBU: Poa. Kwa ulivyoeleza inaelekea ni Tulbaghia, huo ni mwingine kabisa, asili yake Afrika Kusini. Wazulu wanauita isihaqa, wanautumia kwa kifua, mafua na minyoo, na wengine wanaupanda kuzunguka nyumba wakiamini nyoka hawapendi harufu yake. Majani na maua yanaliwa kidogo kama kiungo, ila dawa ya mizizi ikizidi inaleta maumivu makali ya tumbo, usijaribu. Na ya hapo hotelini usile, bustani hizo zinapigwa dawa za wadudu na we mwenyewe unajua. Muombe bosi wako akupe kichipukizi ukapande nyumbani.