Maswali ya Wasomaji: Kuwaona Simba, Chui na Duma Serengeti

Swali: Ndugu wahariri, mwezi wa Agosti tuliingia Serengeti na gari letu la familia, tukazunguka Seronera, katikati ya hifadhi, toka saa nne asubuhi hadi jioni. Tuliambulia mkia wa simba mmoja nyasini. Madereva wa watalii wao huwapataje? Ni redio za upepo tu? *(Msomaji, Shinyanga)*

Jibu: Redio humfikisha dereva mahali ambapo mwenzake ameshaona. Huyo wa kwanza kuona, mara nyingi alikuwa anawatazama swala.

Nyumbu, pundamilia na swala tomi wakimgundua simba au duma hawakimbii papo hapo. Husimama, masikio mbele, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja, na swala tomi hata humsogelea na kumfuata kwa macho ili asiwapotee. Ukikuta kundi limesimama hivyo halili, zima injini, fuata mstari wa macho yao kwa darubini, kisha anza kupekua polepole. Simba aliyelala nyasini huonekana kwa vipande: mgongo wa sikio wenye doa jeusi, au kishungi cheusi cha mkia. Duma mtafute juu ya vichuguu. Chui mtafute kwenye matawi manene ya migunga na miegea ya kando ya Mto Seronera, ukianza na kinachoning'inia: mkia, mguu, au mzoga wa swala. Tumbili na nyani wakipiga kelele mfululizo huku wakitazama chini kichakani, subiri hapo hata nusu saa.

Tazama na angani. Tumbusi wakishuka kwa kasi, mmoja baada ya mwingine, kuna mzoga. Wakiwa wametua mitini na hawashuki, mwenye mzoga bado yupo juu yake.

Lakini kilichowaangusha zaidi ni saa. Simba hupumzika saa 20 hivi kati ya 24, na saa nne jua likishakuwa kali huwa amejilaza kivulini. Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili asubuhi hadi tatu, kisha kumi jioni hadi kufunga. Anayetoka nyumbani alfajiri na kuingilia geti la Ndabaka, upande wa magharibi, huzikosa zote mbili, kwa kuwa toka hapo hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 100. Laleni ndani, hata kwa hema kwenye kambi za umma za Seronera. Agosti makundi makubwa ya nyumbu huwa kaskazini karibu na Mto Mara, ila simba wenye maeneo yao Seronera hawayafuati. Hubaki karibu na maji.

Swali: Niliona magari zaidi ya kumi yamemzingira duma mwenye watoto. Dereva wetu akasema wamezoea, haina shida. Ni kweli? *(Msomaji, Arusha)*

Jibu: Hapana, ndugu yetu. Duma kutokimbia magari ni jambo moja, kulea watoto wake katikati ya magari ni jambo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Maasai Mara ulilinganisha majike wa maeneo yenye watalii wengi na wa maeneo yenye watalii wachache. Palipo na wachache, jike alifikisha umri wa kujitegemea wastani wa watoto zaidi ya 2 kwa kila uzao. Palipo na wengi, wastani ulikuwa 0.2.

Sababu inaeleweka ukijua anavyoishi. Duma huwinda mchana ili awaepuke simba na fisi, yaani saa zilezile tunazozunguka sisi. Mbio zake ni za mita mia chache tu, na akishakamata huweza kuhema hadi nusu saa kabla hajaweza kula. Gari likikata mbele yake anapomnyemelea swala, windo limeharibika na nguvu zimekwenda bure. Msongamano wa magari unaweza pia kumfanya fisi aje kuangalia kuna nini. Halafu kuna watoto: mama huwaficha nyasini, akirudi huwaita kwa sauti nyembamba kama ya ndege. Gari likiwa katikati yao huweza kuwatenganisha.

Mwambieni dereva kabla ya kuondoka kambini: tusikaribie chini ya mita 25, tukae ubavuni mwake na si mbele, tusitoke nje ya barabara, na tukikuta magari matano tusubiri mbali au tupite. Ndani ya hifadhi ya Serengeti kutoka nje ya barabara ni kosa lenye faini. Na tafadhali, msiahidi bakshishi kwa sharti la kumwona duma kwa karibu. Ahadi hiyo ndiyo inayomsukuma dereva kuvunja utaratibu.

Swali: Duma na chui nawachanganya kila mara. *(Mwanafunzi, Musoma)*

Jibu: Tazama uso. Duma ana mstari mweusi unaoshuka toka jicho hadi mdomoni, chui hana. Madoa ya duma ni ya duara, meusi tupu, ya chui ni mafungu yenye rangi iliyokolea katikati.

Swali: Wataalamu hutofautishaje simba mmoja na mwingine? *(Mwalimu, Bunda)*

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wanaweza kulifanya hili kwa picha. Juu ya mstari wa juu kabisa wa sharubu kuna madoa machache meusi. Mpangilio wake hutofautiana kati ya simba na simba, hata kati ya shavu la kushoto na la kulia, na haubadiliki maisha yote. Piga picha mashavu yote mawili. Umri husomwa puani: mtoto ana pua ya waridi, na kadiri anavyokua weusi huenea. Akiwa na miaka 5 au 6, takriban nusu ya pua imeshakuwa nyeusi.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Ya kukuza mara 10 hutikisika zaidi garini. Jazeni mchele kilo moja kwenye soksi nene, iwekeni dirishani, mwegemeze darubini juu yake. Kamera ya simu ikibanwa kwenye kioo cha darubini cha upande wa jicho hutoa picha nzuri kuliko kukuza kwa simu yenyewe.

Swali: Noah yetu itafika? *(Msomaji, Mwanza)*

Jibu: Kiangazi, kwenye barabara kuu, ndiyo, kwa mwendo wa taratibu, kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Masika msijaribu upande wa Ndabaka: udongo mweusi wa mbugani ukilowa hunasa hata magari yaliyonyanyuka juu. Chukueni matairi mawili ya akiba. Mkinasa, msishuke kusukuma. Pigeni simu kwa askari wa hifadhi au msubiri gari linalopita. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, huvuta mbung'o, na upande huo wa magharibi ni wengi.