Jibu: Mota kali inaua mbio zetu za magari ya rimoti

Habari mkuu. Nimekuelewa: mko wanne na magari ya rimoti aina ya Tamiya TT-02, mmoja kafunga mota isiyo na brashi (brushless, yenye nguvu zaidi) anawaacha mbali, na wawili wanataka kujitoa kwa sababu hawana hela ya kumfukuzia.

Kabla hamjanunua chochote, kubalianeni mota. Rudini wote kwenye ile mota ya kawaida ya brashi, saizi 540, iliyokuja ndani ya boksi, na pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno sawa kwa kila gari. Sisi mota tunazitia kwenye mfuko mmoja, kila mtu anachomoa yake asubuhi ya mbio. Lawama zinaishia hapo, maana aliyeshinda leo wiki ijayo anaweza kuangukia ile iliyochoka.

Hela kidogo mliyonayo iende kwenye beringi. TT-02 ya kawaida hutoka na bushi za plastiki, yaani vipete vinavyoshika ekseli badala ya beringi. Vumbi likiingia zinalika na ekseli inaanza kucheza. Shika gurudumu ulitikise: likilegea, anzia hapo. Si lazima beringi za bei mbaya.

Tairi nazo ziwe za aina moja kwa wote. Ndizo zinazokula pesa kimyakimya.

Kama mnatumia betri za lipo (lithiamu polima), msizihifadhi zikiwa zimejaa; volti 3.8 hivi kwa kila seli, la sivyo zitawahi kuvimba.

Mshindi wa raundi ya kwanza aanze nyuma raundi ya pili, hii ndiyo inayoleta raha kuliko zote. Na huyo jamaa wa mota kali msimfukuze jamani, mpeni mizunguko yake mwishoni ashindane na saa.