Kabla hujamwita mgeni "baba"

Hii ni kwa vijana wenzangu mnaotembeza wageni Mji Mkongwe na kule pwani. Sisi tumelelewa kwamba mwanaume mtu mzima haitwi jina kavu, ni baba au mzee, basi mtu akishuka tu kwenye gari tunaanza, karibu baba, pole baba, shika hapa baba. Nia ni nzuri kabisa ila angalia unaongea na nani.

Mpolandi au Mrusi akisikia baba anasikia mwanamke, na sio kwa adabu, ni ile ya mtaani. Niliwahi kuona mzee wa watu kakunja uso mpaka mkewe akamweleza kwamba huku ni heshima. Kwa Wapolandi sema pan kwa mwanaume na pani kwa mwanamke alafu weka jina lake, utaona wanavofurahi. Mbulgaria akisikia baba anamkumbuka bibi yake, Mhungaria anawaza mtoto mchanga au mwanasesere. Mturuki na Myoruba hao hamna shida, baba ni baba.

Wachina na Wajapani ndo wanataka sikio kweli. Kichina baba kwa sauti inayoshuka ni baba mzazi, ila ukiianza kwa sauti ya chini inayobonyea, ni neno la watoto la kinyesi. Kijapani ukivuta a ya mwanzo, baaba, ndivyo wajukuu wanavoita bibi, ukivuta ya mwisho, babaa, umemtukana mama wa watu mzima. Herufi zilezile jamani! Kwa hiyo usikariri neno kwenye karatasi tu, msikilize mwenyewe akilitamka, rudia mbele yake akurekebishe.

Na usije ukamwambia mgeni kwamba lugha zetu ni ndugu kisa baba inafanana. Mwanaisimu Roman Jakobson alishaliandikia hili mwaka 1960: sauti za midomo kama m, b na p ni nyepesi kwa mtoto anayeanza kuongea, anabwabwaja mamama bababa popote alipozaliwa, wakubwa ndo wanaamua anamwita nani. Wajojia, wale wa nchi ya Jojia jirani na Uturuki, wao waliamua kivyao, mama kwao ni baba mzazi na mama mzazi ni deda. Mimi hii naipenda sana, na wageni ukiwasimulia mkiwa mnatembea wanaanza kukutajia maneno ya kwao wenyewe bila kuulizwa, hapo unajifunza bure.

Mimi saivi mgeni akifika namuuliza kwanza anapenda aitweje, alafu namweleza kwamba akisikia watu wanamwita baba au mama huku ni heshima. Na ukitumia programu ya kutafsiri kwenye simu usiandike neno moja fupi ukaiachia ibahatishe lugha, chagua lugha mwenyewe na uandike sentensi nzima.